Mkono Kwenye Injini Kabla ya Salamu

Nimeweka spana chini nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Wenzangu wa gereji hawajui waniite mstaafu au mgonjwa, na mmoja wao, siku waliponiaga kwa soda na wali, alipendekeza niitwe bibi wa heshima. Nilikataa. Kwa miaka tisa, hapa Bugarama, nimekagua pikipiki zilizotumika kwa niaba ya watu waliotaka kuzinunua, na sitakagua nyingine. Sababu nitaieleza mahali pake. Kabla ya hapo ninataka kuwaachia ninyi mnaobaki yale ninayoyajua kuhusu aina moja tu ya pikipiki, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kazi na ndiyo iliyonitoa kazini.

Ninazungumzia pikipiki ya porini yenye injini ya mipigo miwili, ile ambayo gereji zote huiita tustroki. Wengi wenu mmejifunzia kwenye pikipiki za bodaboda, na mkiletewa tustroki mnaitazama kama mtu anayetazama redio ya babu yake. Lakini bado zinakuja. Zilikuwa za miradi ya kilimo, za misheni na za mabwana mifugo. Zimebadilisha mikono mara tatu au nne, na bado zina watu wanaozitafuta. Ni nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuinyanyua kutoka kwenye tope la mbuga, lile tope jeusi linaloganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Hupanda mawe ya vilima vya Geita bila kulalamika. Ubaya wake ni mmoja. Pistoni yake haina oili inayokaa chini yake na kuilainisha. Oili hiyo huingia pamoja na petroli, na ikikosekana siku moja, siku hiyo huandikwa ndani ya silinda, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Nilifika gereji kutoka chuo cha ufundi cha Shinyanga nikiwa na cheti, overoli isiyo na doa, na fomu. Fomu hiyo nilikuwa nimeitunga mwenyewe bwenini: vipengele kumi na saba vya ukaguzi, nafasi ya sahihi ya mkaguzi, na juu yake sentensi niliyoipenda sana, kwamba mkaguzi ni macho na masikio ya mtu asiyejua. Niliamini hivyo wakati ule, na ninaamini hivyo hata leo. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ngassa, aliyeanzia kazi kwenye karakana za Mwadui, mtu mrefu, mwenye maneno machache na vidole visivyosikia moto. Aliisoma fomu yangu yote, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Hii inapiga kiki?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Basi iweke mfukoni, uje."

Nje alikuwa amefika mfanyabiashara mmoja kijana kutoka machimboni, mwenye miwani ya jua na tustroki ya bluu, pamoja na mkulima aliyetaka kuinunua. Kijana alikunjua mikono yote miwili. "Mwangaluka, bhabha! Shikamoo, mzee wangu!" Mzee Ngassa alimpita kana kwamba ni nguzo, akainama, akaweka kiganja juu ya silinda, kisha kwenye bomba la ekzozi. Akakiacha pale.

"Mzee, nimekuamkia."

"Nimesikia. Nitaitikia ikipoa."

Watu waliokuwa kwenye kibanda cha chai walicheka. Kijana akasema ana safari ya Kakola. "Nenda, uiache," Mzee Ngassa akamjibu. "Niiache?" "Basi kaa." Kijana akakaa, akavua miwani, akaivaa tena. Ilipita zaidi ya saa moja. Chuma kilipokuwa baridi kama sufuria ya jana, Mzee Ngassa alimgeukia na kusema kwa upole kabisa, "Marahaba, mwanangu. Haya, iwashe." Kijana alipiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni. Haikuwaka. Mkulima alimshukuru Mzee Ngassa, akaondoka kwa miguu.

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na si dogo katika nchi yetu. Sisi tumelelewa kuamkia kwanza. Binti wa Kisukuma hukunja goti mbele ya mkubwa, hushika mkono wake kwa mikono miwili, huulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na kila habari hudai jibu lake. Muuzaji mwerevu anajua kwamba salamu zikiisha mtakuwa mmeshakuwa ndugu, na ndugu hapapasi mali ya ndugu yake. Ndiyo maana Mzee Ngassa alisisitiza mkono uguse injini kabla ya kugusa mkono wa mtu. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mambo mawili: ugumu wa kuwaka, na kelele ya pistoni iliyolika. Pistoni iliyolika hucheza ndani ya silinda chuma kikiwa baridi. Kikipata moto, pistoni hutanuka, hubana, na kwa sikio tupu hunyamaza.

Mengine niliyojifunza nitayaeleza kwa kadiri ninavyoyakumbuka, si kwa mpangilio wa fomu. Injini ikiwa imezimwa, sukuma kiki kwa mkono, polepole, si kwa mguu. Ikizama bila kukataa, ringi zimechoka. Ikiwaka, tazama moshi. Moshi wa bluu mwepesi ni pumzi yake ya kawaida, na hupungua ikichangamka; moshi mweupe mzito unaonuka oili ya gia unasema sili ya krenki, ile raba ya kuzuia oili, upande wa klachi imepasuka na injini inakunywa oili isiyo yake. Ukiachia akseli, ile ya mafuta mkononi, na injini ikaendelea kupiga kelele juu kwa muda badala ya kushuka, kuna hewa inayoingia kwa wizi, na pistoni ya namna hiyo iko njiani kuyeyuka. Zima. Fungua bomba la ekzozi, mulika tochi kwenye tundu lake: utaiona pistoni yenyewe. Mistari ya wima iliyochimbika ni makovu ya siku iliyokosa oili. Fungua kifuniko cha sumaku, shika gurudumu lake, litikise juu na chini. Likicheza, beringi zimekwisha, na usiendelee hata kama mnunuzi amependa rangi.

Katika ukanda huu ongeza jambo ambalo vitabu vya chuo havikulitaja. Toa chujio la hewa, ingiza kidole kwenye njia ya kabureta, kisha kipake kwenye jino lako. Kikikwaruza, pikipiki hiyo imefanya kazi karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi la mawe limeisugua silinda kama msasa. Nilisita kuweka jambo hilo kwenye fomu, nikaliweka. Kuhusu fremu, kagua shingo ya usukani, na jihadhari na rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu. Hakikisha namba ya fremu ndiyo iliyo kwenye kadi. Na muulize muuzaji, kama mtu anayepiga soga, huwa anachanganyaje oili na petroli. Akikutajia kipimo na chombo anachopimia, ana haki ya kusikilizwa. Mmoja aliwahi kuniambia, "Mimi nachanganya kwa imani." Nilimwombea.

Mwisho wa yote ni kusikiliza. Unaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye silinda, mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, na injini inakueleza siri zake. Katika hili nilikuwa na sifa. Watu walikuja kutoka Kahama na hata ng'ambo ya Geita kumtafuta "yule dada wa bisibisi". Gereji yetu imepakana na makarasha manne yanayosaga mchana kutwa, na ukuta baina yetu ni wa mabati. Chuoni tulifundishwa kuziba masikio. Nilikuja na viziba-sikio vyangu, nikavivaa wiki mbili, kisha nikavivua, kwa sababu Mzee Ngassa hakuvaa, na kwa sababu niliona ni kichekesho mtu anayesikiliza kwa riziki awe amejiziba. Ninawaandikia hili waziwazi. Hakuna aliyenilazimisha kuvivua.

Sasa nifike kwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa ni mtaalamu wa mifugo, mama wa mapacha, mwanamke mwenye sauti inayotangulia kufika. Kazi yake ni kupeleka chanjo za kuku na ng'ombe katika vijiji vilivyo ndani, chanjo ambazo hubebwa na barafu katika deli, na ambazo barafu ikiyeyuka hazina tofauti na maji ya kisima. Alitaka tustroki kwa sababu wakati wa masika magari hayafiki, na pikipiki nzito zilikuwa zimemwacha kwenye mbuga mara nyingi. Aliuza ng'ombe wake ili apate ya kwake mwenyewe, akaja kwangu.

"Fundi Kabula," aliniambia, "mimi ng'ombe mgonjwa namjua akiwa mbali. Chuma sikijui. Nimekuletea roho yangu."

Muuzaji alikuwa Mwalimu Sospeter. Huyu alinifundisha darasa la nne. Ndiye aliyemwambia baba yangu, mbele ya wageni, kwamba binti huyu asiolewe kabla ya kusoma. Bila yeye nisingekuwa na cheti wala fomu. Alikuja amekaa juu ya tustroki yake, nyekundu, safi, akiwa na koti lake lile lile la ukoo wa makoti ya walimu. Nilipomwona nilikunja magoti yote mawili, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umekuwa mkubwa. Nyumbani hawajambo? Baba anaendeleaje na mgongo?"

Tulizungumzia mgongo wa baba, mvua, na wanafunzi wenzangu waliokwenda Mwanza. Mikono yangu ilikuwa mikononi mwake. Nilipokuja kugusa silinda, ilikuwa moto, na hilo halikunishangaza, kwani si alikuwa amekuja nayo? Nilijua kanuni. Nilipaswa kusema, mwalimu, tusubiri ipoe. Ilikuwa saa tano, jua kali, naye alisema ana mazishi ya jirani saa nane. Niliona haya kumkalisha mwalimu wangu kwenye benchi la gereji kama yule kijana wa miwani. Niliona haya zaidi kumwonyesha, mbele ya watu, kwamba ninamshuku.

Nilikagua mengine yote. Moshi ulikuwa mzuri. Sili zilikuwa nzima. Fremu haikuwa na ufa. Nilisikiliza kwa bisibisi kwa muda mrefu, huku makarasha yakisaga upande wa pili wa mabati, na nilisikia kimya kizuri. Nikaweka sahihi yangu. Mama Kulwa alipiga kigelegele, akaondoka nayo siku hiyo hiyo.

Wiki ya sita ilishika. Fundi akisema injini imeshika maana yake ni hii: pistoni imesimama ndani ya silinda wakati gurudumu bado linakimbia. Gurudumu la nyuma hufunga kama limepigwa breki na mtu mwenye hasira. Mama Kulwa alikuwa akiteremka kuelekea kijito, deli likiwa nyuma yake. Aliruka juu ya usukani. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, deli likafunguka, na chanjo za vijiji viwili zikamwagika mchangani. Ukiendesha tustroki, vidole viwili vikae kwenye klachi muda wote, ili ikishika ubane na gurudumu liachiliwe. Jambo hilo nilikuwa ninalijua. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimeridhika na sahihi yangu.

Nilikwenda kumwona akiwa amefungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka pajani. Nilikuwa nimeandaa maneno, machozi yakayatangulia.

"Usinililie mimi," alisema. "Kwanza kaa, umesimama kama mdai. Kuku wa watu wamekufa, Kabula. Nilipita vijijini kwao nikawaahidi akina mama siku na saa. Sasa wananiletea uji hospitalini, na kuku wao wamekufa. Unajua uji wa mtu uliyemwangusha unavyomezwa?"

Nilikaa ukingoni mwa kitanda.

"Basi na wewe meza wako," akasema, akanipa kikombe.

Mzee Ngassa aliifungua injini mwenyewe. Sketi ya pistoni, yaani ule upande wake wa chini, ilikuwa imevunjika, na vipande vilikuwa vimeingia kwenye krenki. Alinipa kimoja mkononi. Kilikuwa chembamba kama ukucha. Pistoni hiyo ilikuwa imelika muda mrefu. Ilikuwa ikicheza na kujipiga kila asubuhi mpaka ikachoka.

"Hii ilikuwa inagonga," alisema.

"Sikusikia kitu, mzee."

Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Haikugonga, au hukusikia?"

Nilimweleza kwamba injini ilikuwa moto, kwamba muuzaji alikuwa mwalimu wangu. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa. "Hilo ni kosa moja. Injini ikiwa moto kelele hupungua, lakini haifi kabisa. Kwa bisibisi ungepata kitu. Ninakuuliza la pili."

Sikulala vizuri na swali hilo. Kwanza nilikwenda kwa Mwalimu Sospeter, kwa kuwa nilitaka, nakiri, mtu mwingine awe na hatia. Nilimkuta akisahihisha madaftari barazani. Nilimweleza mguu wa Mama Kulwa, na kuku, na kipande cha pistoni nikakiweka juu ya daftari. Alikigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Asubuhi, ikiwa baridi, ilikuwa inagonga," alisema. "Miezi miwili hivi."

"Mwalimu, kwa nini hukuniambia?"

"Niliwaza, Kabula ataisikia. Darasani ulikuwa unasikia hata nisiyoyasema. Nikasema, nisiharibu biashara yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Akisikia atasema, nami nitakubali." Alivua miwani yake. "Sikuja nayo ili nikudanganye. Sikuwa na usafiri mwingine. Lakini njiani, ilipoacha kugonga, nilifurahi. Hilo ndilo ninalolijua kuhusu nafsi yangu."

Alirudisha kwa Mama Kulwa kila alichopokea, kabla hajaombwa. Sikupata nilichokuwa nimekifuata. Kukiri kwake kulinirudishia swali la Mzee Ngassa likiwa zima.

Mzee Ngassa hakunihoji tena kwa maneno. Alitafuta tustroki nyingine yenye ugonjwa ule ule, akailaza gerejini mpaka asubuhi ili iwe baridi, na akasubiri siku ambayo Mama Kulwa, aliyekuwa ameanza kutembea kwa magongo, angepita kutusalimu. Alifika, akakaa kwenye benchi, mguu wake wenye hogo jeupe ukiwa mbele yake kama boriti. Makarasha yalikuwa hayajawashwa. Mzee Ngassa akapiga kiki, injini ikanguruma, akanikabidhi bisibisi.

"Unasikia nini?"

Nilisikiliza. Nilisikia mngurumo, mzito, ulio sawasawa. Nilisogeza ncha upande wa mbele, upande wa nyuma, chini. Nilifumba macho. "Iko sawa," nikasema.

Nilipofumbua macho, Mama Kulwa alikuwa ameacha kutabasamu.

"Kabula," aliniita, "mimi niko huku kwenye benchi, sina bisibisi, na ninasikia kama mtu anapepeta karanga kwenye ungo. Ile yangu ilifanya hivi kila asubuhi, nikadhani ndivyo zilivyo."

Kijana wa kuosha pikipiki, mama wa chai, wote walikuwa wananitazama. Wote walikuwa wanasikia karanga.

Daktari wa masikio mjini alinipima ndani ya kijumba kidogo, akanionyesha mstari unaokwenda vizuri kisha unaporomoka. Sauti nene ninazo, alisema. Nyembamba zimekwenda, na hazitarudi. "Unasikia ngoma, husikii njuga." Nilimuuliza tangu lini. Alisema haliwezi kujulikana hilo, huenda miaka kadhaa. Ninawaomba mfikirie, kama ninavyofikiria mimi kila siku, maana ya jibu hilo. Kuna watu wanaoendesha pikipiki zenye sahihi yangu, kwenye vilima na vijito, na mimi sijui ni ipi niliyoisikia na ipi iliyoninyamazia. Niliandika majina yote niliyoyakumbuka, nikawapitia mmoja mmoja, nikawaomba wazilete zisikilizwe upya bila malipo na Mzee Ngassa, ambaye masikio yake makarasha hayakuyaweza. Wengine walikuja. Mmoja alidhani ni ujanja wa kumuuzia vipuri, akanifukuza kwa jembe. Wengine sikuwapata, na hao ndio ninaowaombea kwa majina.

Mzee Ngassa aliniambia ninaweza kubaki gerejini kufunga spoki na kubadilisha cheni. Nilimshukuru. Lakini niliyoyaandika juu ya fomu nikiwa mwanafunzi niliyaandika kwa dhati, na mtu hawezi kuendelea kuwa masikio ya mwingine wakati hana yake. Nilimwomba miezi miwili ya kukabidhi kazi. Fomu nayo niliibadilisha. Juu ya vipengele vyote sasa kuna mstari unaouliza: injini ilikuwa baridi, na ni nani aliyeshuhudia? Na chini, mbali na sahihi ya mkaguzi, kuna nafasi ya jina la aliyesikiliza. Msiwaruhusu watu hao wawili wawe mmoja.

Ukaguzi wangu wa mwisho aliuomba Mama Kulwa. Hogo lilikuwa limetolewa, alichechemea kidogo, na msimu wa chanjo ulikuwa unakaribia. Alisikia kuna tustroki inauzwa upande wa Geita, katika kijiji kilicho chini ya kilima, na alinifuata gerejini.

"Twende."

"Mama Kulwa, sisikii. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, ndiyo. Kwa hiyo wewe utashika, mimi nitasikiliza. Au unataka nitafute fundi mwingine nianze kumfundisha majuto upya?"

Mwenye pikipiki alikuwa mzee wa miaka mingi, mfugaji, mwenye fimbo na kofia ya pama, aliyetusubiri nje ya nyumba yake na wajukuu zake wamekaa nyuma yake. Pikipiki ilikuwa kwenye kivuli cha ukuta. Kila mfupa wangu ulitaka kukunja goti. Nilimpita. Niliinama, nikaweka kiganja changu juu ya silinda, na nikasikia nyuma yangu, kwa sauti nene, aina ambayo bado ninaisikia, "Binti wa nani huyu asiyeamkia watu?"

Silinda ilikuwa na uvuguvugu. Niligeuka, nikapiga magoti yote mawili kwenye vumbi la uwanja wake. "Shikamoo, babu. Nilianza kwa kuigusa kwa sababu siku moja nilianza na salamu, na huyu mama akaja kuvunjika mguu. Ninaomba tukae mpaka ipoe."

Hakuitikia. Aliniangalia, akamwangalia Mama Kulwa mguuni, akaashiria viti. Mjukuu mmoja aliungama kwamba alikuwa ameizungusha uwanjani asubuhi. Tulikaa. Tuliletewa maziwa ya mgando. Mama Kulwa alikagua ng'ombe watatu wa mzee wakati tukisubiri, akamwambia mmoja ana minyoo. Kivuli cha ukuta kilihama. Nilipogusa tena, chuma kilikuwa baridi.

Kiki ilikataa kwa nguvu chini ya kiganja changu, kama inavyotakiwa. Kwenye tundu la ekzozi pistoni ilikuwa laini, haina kovu. Mzee alinitajia kipimo chake cha oili na kunionyesha kichupa. Iliwaka kwa kiki ya pili. Nilimpa Mama Kulwa bisibisi, nikamwonyesha mfupa wa kuwekea mpini, nikarudi nyuma hatua mbili. Kilichobaki kwangu kilikuwa uso wake. Alisikiliza mbele, nyuma, chini, amekunja kipaji cha uso kama anavyosikiliza mapafu ya ndama. Nilimwangalia nikitafuta karanga usoni mwake. Aliinua kichwa.

"Hakuna mtu anayepepeta," alisema.

Nilijaza fomu juu ya tangi. Kwenye aliyesikiliza niliandika jina lake. Aliijaribu kwa kuivusha kilima kilichokuwa mbele yetu, na kabla hajaondoka niliviweka vidole vyake viwili kwenye klachi kwa mkono wangu mwenyewe. Alipinda kwenye michongoma, na mara mlio wake ukapotea kwangu.

"Babu, bado inasikika?"

"Inasikika," mzee alisema. "Anapanda." Baada ya muda: "Amebadili gia." Baada ya muda mrefu zaidi, akiwa ameinamisha kofia upande mmoja: "Amefika juu. Sasa anashuka. Sauti ni ile ile."

Tulisimama hivyo mpaka akasema amevuka. Kisha alinigeukia, akanyoosha mkono wake, na kabla ya kumsikia nikaona midomo yake ikifunguka taratibu.

"Marahaba, fundi," alisema.